Milimita Moja na Kidogo: Kusaga Kioo cha Darubini kwa Mkono kati ya Ruiru na Thika

Tatizo lenyewe huelezeka kwa sentensi moja, ingawa kulitatua huchukua wiki kadhaa: kipande cha kioo chenye kipenyo cha milimita 150 na unene wa milimita 25 kinapaswa kuchimbwa katikati kwa kina cha milimita 1.17, kisha uso wake ulainishwe mpaka pasiwepo mwinuko wala bonde linalozidi nanomita 70 hivi, yaani sehemu 70 kati ya sehemu milioni moja za milimita. Unywele wa binadamu una unene unaokaribia mara elfu moja ya kipimo hicho, na hata hivyo kazi yote, tangu kioo kikiwa bapa hadi kiwe tayari kukusanya mwanga wa nyota, huweza kukamilishwa kwa mikono miwili, ndoo ya maji, unga mgumu wa kusagia na pipa lililojazwa mawe ili lisiyumbe.

Mtu anayesafiri kwa Barabara Kuu ya Thika, akaingia kaunti ya Kiambu na kupita Ruiru na Juja hadi mji wa viwanda wa Thika, huwa amepita karibu kila kitu ambacho kazi hiyo inahitaji: maduka ya vioo, gereji, karakana za maseremala wa jua kali, vyuo vya ufundi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Swali linalogawanya maoni si kama inawezekana, kwa maana imewezekana katika nchi nyingi kwa zaidi ya miaka mia moja. Swali ni kama ina faida yoyote siku hizi, wakati kioo kilichosagwa na mashine kiwandani huagizwa kutoka ng'ambo kikiwa tayari kimepakwa madini ya kuakisi.

Uduara unaokuja wenyewe

Darubini ya aina hii haitumii lenzi mbele yake bali kioo mbonyeo nyuma yake, yaani kioo kilichobonyea katikati kama sahani ya kina kifupi, ambacho hupokea mwanga, hurudisha miale na kuikutanisha katika nukta moja iitwayo fokasi. Isaac Newton alitengeneza darubini ya namna hiyo mwaka 1668 kwa kutumia aloi ya shaba na bati badala ya kioo. William Herschel, mwanamuziki aliyekuwa akisaga na kung'arisha vioo vyake nyumbani huko Bath, Uingereza, aliitumia darubini aliyojitengenezea kuigundua sayari ya Uranus mwaka 1781.

Kina cha milimita 1.17 hakikuokotwa tu. Nusu kipenyo cha kioo, milimita 75, huzidishwa kwa chenyewe, kisha jibu hugawanywa kwa mara nne ya urefu wa fokasi, ambao katika mfano huu ni milimita 1,200, na hesabu hiyo humwelekeza msagaji mahali pa kusimama kabla hajashika chochote.

Kinachofuata humshangaza mtu anayedhani kwamba umbo sahihi lazima lichongwe kwa kielelezo. Vipande viwili vya kioo vyenye upana sawa huwekwa kimoja juu ya kingine, katikati yao hunyunyizwa unga mgumu na maji, na kipande cha juu husukumwa mbele na nyuma kikivuka ukingo wa kile cha chini, huku msagaji akilizunguka pipa hatua kwa hatua na kukigeuza kioo kidogo kila baada ya misukumo michache. Kwa kuwa uzito wa kioo cha juu, kila kinapovuka ukingo, hulemea katikati yake chenyewe na pembezoni mwa kile cha chini, cha juu huliwa katikati kikabonyea na cha chini huliwa kingoni kikabinuka. Nyuso mbili zinazosuguana kila upande na kila pembe haziwezi kuendelea kugusana kote isipokuwa zote ziwe sehemu za tufe, yaani umbo la mpira, na kwa hiyo uduara huja wenyewe, bila kielelezo na bila jicho kali, mradi mwendo usiwe wa upande mmoja tu.

*Nyuso mbili zinazosuguana kila upande haziwezi kuendelea kugusana kote isipokuwa zote ziwe sehemu za tufe.*

Lugha ya Kiswahili ina neno moja kwa kazi hii na kwa kazi ya kupata unga wa ugali, na si bahati mbaya, kwa sababu tendo ni lile lile la kuvunja kitu kidogo kidogo kati ya nyuso mbili. Tofauti ni kwamba msagaji wa mahindi huutaka unga na msagaji wa kioo huutupa. Unga unaotumika hapa ni silikoni kabaidi, madini ya kutengenezwa ambayo hayako mbali na fundi wa kawaida wa Kiambu: mawe yanayosawazisha sakafu za terazo hutengenezwa kwa madini hayo hayo, na krimu ambayo makanika hupaka wakati wa kusaga valvu za injini ili zikae sawa kwenye vikalio vyake mara nyingi huwa na chembe zake. Krimu hiyo yenyewe haifai kwa kioo, kwa kuwa ina mafuta na chembe zake hazikuchujwa kwa ukubwa mmoja, lakini fundi aliyekwisha kusaga valvu anaufahamu msingi wa kazi kuliko mwanafunzi aliyeusoma kitabuni.

Kazi huanza kwa unga namba 80, wenye chembe za takribani moja ya tano ya milimita, ikashuka kwa 120, 220, 320 na 500, kisha kwa unga laini zaidi wa oksidi ya alumini. Kila daraja lina kazi moja tu, kufuta vishimo vilivyoachwa na daraja lililotangulia, na ndiyo maana kosa linaloogopwa sana si la mkono bali la usafi. Chembe moja ya namba 80 iliyojificha ukuchani au kwenye mkono wa shati ikidondoka katika daraja la 500 itachora mkwaruzo ambao hauondoki mpaka kazi irudishwe nyuma kwa saa nyingi. Vumbi jekundu la kiangazi cha Thika, ambalo hupita chini ya mlango bila kubisha, ni adui wa aina hiyo hiyo. Maji, kwa upande wake, hulinda mapafu kama yanavyolinda kioo, kwani vumbi la kioo kikavu halipaswi kuvutwa puani.

Msagaji hutambua kwa sikio kwamba unga umechakaa. Sauti ya mkwaruzo mkali hupungua ikawa mnong'ono, na kiganja huhisi kioo kikianza kuteleza. Katika mji unaojulikana nchini kote kwa Shule ya Wasioona ya Thika inafaa kusemwa kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kusaga, kabla ya kufikia upimaji wa mwisho, ni kazi ya kusikia na kugusa kuliko ya kuona.

Kuhusu kina, jua hutosha. Uso wa kioo hulowanishwa ili uakisi kidogo, kioo huelekezwa kwenye jua la saa mbili asubuhi, kabla halijapanda utosini kama ilivyo desturi yake karibu na ikweta, na mwanga huangushwa ukutani. Mahali ambapo doa ni dogo kuliko pengine popote ndipo fokasi ilipo, nayo hupimwa kwa futi ya fundi. Macho hayapaswi kamwe kuwekwa katika njia ya mwanga huo.

Wembe unaopima kuliko rula

Baada ya kusaga huja kung'arisha. Kipande cha chini hupakwa utomvu wa msonobari uliopikwa ukawa mgumu kama lami ya baridi, ukakatwa miraba midogo, na kati yake na kioo hutiwa oksidi ya seriamu iliyochanganywa na maji. Utomvu huo una tabia ya kulegea joto likipanda na kukakamaa likishuka, hivyo mchanganyiko uliofaa adhuhuri ya Februari unaweza kuwa mgumu mno asubuhi ya Julai, wakati nyanda za juu za kati hufunikwa na mawingu na manyunyu. Kioo cha kwanza cha ukubwa huu, kwa jumla, mara nyingi humchukua mtu saa 20 hadi 40 za kazi.

Hapa ndipo wengi huona kwamba kazi imekwisha, kwa sababu kioo kinameremeta. Kwa kweli ndiyo kwanza imeanza. Kioo kinachometameta kinaweza kuwa na umbo baya kabisa, na hakuna rula, bikari wala kidole kinachoweza kuligundua.

Njia ya kuligundua iliasisiwa na mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault mwishoni mwa miaka ya 1850, na vifaa vyake vinatosha kwenye mfuko wa plastiki: taa ndogo ya LED nyuma ya tundu jembamba, wembe wa kunyolea na kibao cha kuushikilia. Taa na wembe huwekwa mita 2.4 mbele ya kioo, umbali ambao ni mara mbili ya urefu wa fokasi na ambao ndiyo nusu kipenyo ya tufe ambalo kioo ni sehemu yake. Mwanga hutoka tunduni, hugonga kioo, hurudi, na wembe huukata pale pale unapokutana. Uso ukiwa wa tufe kamili, kioo chote hufifia kwa wakati mmoja kama chumba kinachozimwa taa. Ukiwa na kasoro, vivuli hujitokeza, na jicho huona vilima na mabonde kama ya Aberdare wakati wa machweo, ilhali urefu wa vilima hivyo ni makumi machache ya nanomita.

Ukali wa kipimo hicho huthibitishwa kwa jaribio ambalo mtoto wa shule anaweza kulifanya. Kidole gumba kikibandikwa kwenye kioo kwa nusu dakika, kisha kikaondolewa, wembe huonyesha uvimbe pale kilipokuwa, kwa kuwa joto la mwili limekitanua kioo mahali hapo, nao uvimbe huzama polepole kadiri kioo kinavyopoa.

*Kioo kinachometameta kinaweza kuwa na umbo baya kabisa, na hakuna rula wala kidole kinachoweza kuligundua.*

Tufe, hata hivyo, si umbo la mwisho. Miale inayotoka nyotani hukutana katika nukta moja pale tu uso unapokuwa parabola, mkunjo ambao ni wa kina zaidi kidogo katikati kuliko tufe, na ambao kwa kioo cha milimita 150 chenye fokasi ya milimita 1,200 hutofautiana na tufe lililo karibu nao zaidi kwa nanomita 70 tu, kiasi kwamba kioo cha tufe kikibaki jinsi kilivyo huwa mpakani mwa kukubalika. Kioo cha milimita 200 chenye fokasi hiyo hiyo kina tofauti inayozidi nanomita 220, hakisameheki, na hii ndiyo sababu mtu anayeanza hushauriwa aanze na kile kidogo. Tofauti hiyo husomwa kwa kuusogeza wembe: taa ikikaa palepale, fokasi ya ukingo wa kioo cha milimita 150 inapaswa kuwa nyuma ya ile ya katikati kwa milimita 2.34, na bolti ya kawaida ya dukani ambayo mzunguko wake mmoja husogea milimita moja hutosha kuupima mwendo huo.

Hakuna mfano unaoeleza uzito wa hatua hii kuliko ule wa darubini ya Hubble, iliyorushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo cha upana wa mita 2.4. Kioo hicho kiling'arishwa kwa ulaini wa hali ya juu, lakini katika kifaa kikuu cha kukipimia lenzi moja ilikuwa imefungwa milimita 1.3 nje ya mahali pake, hivyo ukingo wa kioo ukawa bapa kupita kiasi kwa takribani mikrometa 2.2, yaani sehemu 2.2 kati ya elfu moja za milimita. Vifaa vingine rahisi zaidi vilikuwa vimeonyesha kasoro kabla ya kioo kuondoka kiwandani, vikapuuzwa kwa kuwa kile kikuu kiliaminiwa zaidi. Ilibidi wanaanga wapande huko Desemba 1993 kufunga marekebisho.

Kununua, kusafirisha au kusaga

Hoja ya kununua ina nguvu, na wanaotetea kusaga wasijidanganye kwamba haina. Wakati Russell Porter alipowafundisha wakazi wa Springfield, jimbo la Vermont nchini Marekani, kusaga vioo mwaka 1920, darubini ya kiwandani ilikuwa ghali kupita uwezo wa fundi mitambo, na John Dobson, mtawa aliyesaga vioo vya madirisha ya meli huko California, alikuwa na nia ya kuwaonyesha wapita njia mwezi bila kuwa na fedha. Sababu hiyo ya bei imepungua sana. Aliyeko Ruiru akijumlisha bei ya unga wa madaraja sita, usafirishaji wake, kioo kinene na saa 40 za mwalimu, anaweza kukuta kwamba ametumia zaidi ya aliyenunua, na bado hajapaka kioo chake chochote.

Ipo pia njia ya tatu, ya kusafirisha, ambayo pengine ndiyo mshindani halisi. Travelling Telescope, mradi wa Susan Murabana na Daniel Chu Owen wenye makao Nairobi, huzungusha darubini shuleni badala ya kuisubiri kila shule iwe na yake. Darubini moja nzuri inayosafiri huhudumia maelfu ya watoto. Kioo kimoja kinachosagwa huwashughulisha watano au sita kwa muhula mzima. Anayepima mafanikio kwa idadi ya macho yaliyoona pete za Zohali hana haja ya kusoma makala haya zaidi.

Upande wa kusaga huelekeza kidole kwenye mtaala. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Kidato cha Pili katika mfumo wa 8-4-4 walisoma uakisi kwenye nyuso zilizopinda kwa kuchora miale kwa rula na penseli, na Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule za upili za juu chini ya mtaala wa umilisi, wenye njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ambayo inadai wanafunzi watende. Kenya, husemwa, imekuwa karibu na anga kwa muda mrefu bila kulishika kwa mikono yake: setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 lakini ilikuwa ya Wamarekani, na Taifa-1, setilaiti ya Kenya yenye kamera ya kupiga picha za ardhi, ilirushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023 baada ya kutengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria.

Pande zote, hata hivyo, hubishana juu ya kusaga, ilhali kusaga ndiyo sehemu rahisi. Shule itakayosaga kioo bila kukipima itakuwa imetengeneza bakuli. Kitu ambacho darubini ya kununua haimpi mwanafunzi, wala haimpi ile inayozungushwa kwa gari, ni jioni ile anapoweka wembe mbele ya kazi yake mwenyewe, akaandika namba asizozipenda, akarudi kwenye pipa, akarudia kupima na kukuta kwamba namba zimesogea au hazikusogea. Taasisi ya Mafunzo ya Kiufundi ya Thika au chuo kingine chochote cha ukanda huu kinachofundisha vipimo vya uhandisi kingekuwa na zoezi la nanomita kwa gharama ya wembe na bolti, na zoezi hilo lingestahili nafasi yake hata kama kioo chenyewe hakitawahi kuelekezwa mbinguni.

Anga lililopo

Kitaelekezwa, hata hivyo, na hapo jiografia ina la kusema. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, imekuja na taa, majumba na mitaa mipya, na anga la Ruiru usiku lina weupe unaozifuta nyota hafifu. Mwezi, Mshtarii na Zohali haviathiriwi na weupe huo, navyo ndivyo hasa ambavyo kioo cha milimita 150 chenye fokasi ndefu hufaa kuvitazama.

Mahali penyewe, digrii moja hivi kusini mwa ikweta, pana fadhila ambayo Herschel angeionea wivu, kwa kuwa kundi la nyota la Dubu Mkubwa upande wa kaskazini na Msalaba wa Kusini upande wa kusini huonekana usiku mmoja. Pana pia usumbufu wake: vikalio vya darubini vinavyouzwa ng'ambo vikiwa na mhimili wa kufuata mzunguko wa dunia hudai mhimili huo uelekezwe kwenye ncha ya anga, ambayo hapa imelala kwenye upeo wa macho, na nyota ya kaskazini ya kuulengea haipandi juu ya upeo huo. Sanduku la mbao linalozunguka kushoto na kulia na kuinuka juu na chini, kama lile alilolieneza Dobson, huondoa tatizo lote, na seremala yeyote wa Thika hulimaliza kwa plaiwudi katika siku chache.

Tabaka la mwisho

Linalobaki ni madini ya kuakisi. Alumini hupakwa ndani ya chemba iliyoondolewa hewa, kwa tabaka la takribani nanomita 100, na kazi hiyo si ya karakana ya jua kali. Fedha huweza kupakwa kwa kemikali, kwa njia ya nitrati ya fedha, amonia na sukari, ambayo ni jamaa ya ile iliyotengeneza vioo vya kujitazamia kwa vizazi. Lakini mchanganyiko wa fedha na amonia ukiachwa ukae huweza kuunda vitu vinavyolipuka, kwa hiyo mahali pake ni maabara yenye mkemia, na tabaka lake hufifia mapema katika hewa yenye moshi wa magari na viwanda.

Wakosoaji hulitaja tabaka hili kama ukuta unaozuia kazi yote, na hapo wanakosea kwa sababu ya kihesabu. Kioo kitupu, kisichopakwa kitu, huakisi takribani asilimia 4 ya mwanga unaokifikia. Kioo cha milimita 150 kina eneo la mara 459 hivi ya mboni ya jicho iliyofunguka milimita 7 gizani, na asilimia 4 ya hiyo ni mara 18. Kwa kutumia kioo kidogo cha kununua chenye alumini ili kugeuza miale kuelekea kwenye lenzi ya jicho, mwezi huonekana waziwazi, pamoja na mashimo yake na vivuli vya kuta zake, hata kabla ya nanomita moja ya madini kuwekwa. Wasagaji wazoefu hupenda kufanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa kosa litakaloonekana kwenye ukingo wa mwezi usiku huo bado linaweza kurudishwa pipani asubuhi yake.